Chumba cha Kwanza Kiwe Kitupu

Upo usemi ambao mafundi wa kompyuta wa hapa kwetu wanaupenda kuliko mishahara yao: "Madhali inafanya kazi, usiiguse." Nimeusikia Dar es Salaam, nimeusikia Mombasa, nimeusikia hata kwa vijana waliohitimu juzi ambao hawajapata muda wa kuchoka. Mimi nasema kwamba katika kazi ya kutunza seva za tovuti, usemi huu ni uvivu uliovishwa kanzu ukaitwa hekima. Nataka kueleza kwa nini, tena nataka nieleweke na mtu ambaye hajaifungua seva hata siku moja, kwa sababu huyo ndiye anayeumia.

Msomaji unaijua nyumba ya kupanga ya mitaani kwetu. Ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, uani jiko na choo cha wote, na mlango mmoja wa mbele. Humo wanaishi fundi cherehani, mwalimu, muuza samaki na mama mjane mwenye watoto wanne. Kila mmoja ana kufuli lake, lakini namba ya nyumba ni moja. Basi seva nyingi za tovuti ni nyumba za namna hiyo. Kompyuta moja, anwani moja, na ndani yake tovuti ishirini, hamsini, pengine mia tatu, kila moja ikimwonyesha mgeni kana kwamba iko peke yake duniani. Chumba kimoja cha nyumba hiyo mafundi hukiita "vachuali hosti". Mimi nitasema vyumba na wapangaji, maana ndivyo mambo yalivyo.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Kivinjari cha miaka ya mwanzo ya 1990 kilipokwenda kuomba ukurasa, kilifika kwenye kompyuta na kusema tu, "Nipe ukurasa fulani." Jina la tovuti hakikulitaja. Ni kama tarishi aliyekuja na barua isiyo na jina: nyumba ikiwa na mtu mmoja, barua ni yake, ikiwa na watu ishirini, ni matata. Kwa hiyo kila tovuti ilitaka anwani yake ya namba, na namba hizo katika mfumo ule wa zamani hazifiki bilioni 4.3 kwa dunia nzima. Mwaka 1997 zilipochapishwa kwa mara ya kwanza kanuni za toleo la 1.1 la HTTP, ziliamuru kwamba kila ombi lazima litaje jina la mwenyeji anayetafutwa. Ni mstari mmoja tu wa maandishi, lakini mstari huo ndio uliotuwezesha sisi watu wa mifuko myepesi kuwa na tovuti. Mwezi Februari 2011 ghala kuu la zile namba lilikwisha kabisa. Fikiria tungekuwa wapi kama kila duka la mtaani lingehitaji namba yake!

Kwa hiyo sipingi kupanga pamoja, wala sina ugomvi na nyumba ya wapangaji wengi. Ugomvi wangu ni na bawabu.

Bawabu, yaani ile programu ya seva, amepewa orodha ya wapangaji. Mgeni akifika na kutaja jina, bawabu hutazama orodha na kumpeleka chumba kinachohusika. Vizuri. Je, mgeni akitaja jina ambalo halimo? Mtu yeyote mwenye akili timamu angetarajia bawabu ajibu, "Huyo hakai hapa." Katika Apache, programu iliyozaliwa mwaka 1995 kwa mikono ya watu wachache waliokuwa wakikusanya viraka vya programu ya zamani ya NCSA, bawabu hasemi hivyo. Humpeleka mgeni chumba cha kwanza kwenye orodha. Hivyo tu. Awe mgeni ametaja jina la kweli, la uongo, au namba tupu ya nyumba, mlango unaofunguliwa ni ule wa kwanza. Nginx, ambayo Igor Sysoev aliitoa mwaka 2004, hufanya vilevile usipoielekeza vingine.

Na nani huwa wa kwanza? Hapa ndipo ninapochoka. Kwenye seva za Debian na Ubuntu, mafaili ya wapangaji husomwa kwa kufuata alfabeti. Waliotayarisha mifumo hiyo walilijua jambo hili, wakaweka faili lao wenyewe ambalo jina lake linaanza na sufuri tatu, makusudi litangulie. Fundi wetu, kwa kupenda usafi, hulifuta au kulizima siku ya kwanza, kwa sababu anaona "halitumiki". Kuanzia siku hiyo msemaji wa nyumba nzima, mpokea wageni wote wasio na mwenyewe, ni yule mpangaji ambaye jina la faili lake linaanza na A. Hakuchaguliwa, hakuulizwa, hajui. Kesho akihamia mpangaji mwingine ambaye jina lake linaanza na A mbili, cheo kinahama usiku bila mtu kuandika barua. Na fundi anasema inafanya kazi!

Kwa haki niseme kwamba waliounda Apache hawakuwa wapumbavu. Katika miaka ile vilikuwapo vivinjari vya zamani visivyotaja jina, na kuvifukuza vyote mlangoni kungekuwa ukatili. Ilibidi vipewe kitu. Lakini vivinjari hivyo vimekwisha kufa na kuzikwa, na sababu imezikwa pamoja navyo. Kilichobaki ni mazoea.

Nitatoa mfano nilioushuhudia. Kulikuwa na zahanati moja, sitaitaja, iliyopanga tovuti yake kwenye kampuni moja, nayo sitaitaja. Wagonjwa walikuwa wakiingia humo kuweka miadi. Zahanati ilikuwa na mlango wa kawaida tu, yaani namba 80. Mlango wa siri, namba 443, ambapo mazungumzo hufungwa yasisomwe njiani, haikuwekewa. Lakini katika nyumba ileile alikuwamo muuza vinywaji vikali ambaye yeye mlango wa siri alikuwa nao. Sasa vivinjari vya siku hizi aghalabu hubisha mlango wa siri kwanza. Mgonjwa aliandika jina la zahanati, bawabu akakuta kwamba kwenye mlango ule jina halimo, akamkabidhi cheti cha muuza pombe. Kivinjari kikapiga kelele: jina la cheti si jina uliloliomba, hapa si salama. Na mgonjwa akiendelea mbele, anakutana na picha za chupa.

Pombe si hoja yangu. Hoja yangu ni muuguzi wa mapokezi. Simu zilipozidi, yule dada, kwa nia njema kabisa, aliwafundisha wagonjwa wapuuze lile onyo, wafute herufi kadhaa mwanzoni mwa anwani, kisha waendelee. Kwa miezi kadhaa zahanati ilikuwa darasa la kuwafundisha watu wazima kudharau onyo pekee ambalo kivinjari kinaweza kuwapa. Wengine wao kesho watafungua tovuti ya benki, litatokea onyo lilelile, nao watafanya walivyofundishwa hospitalini. Nilipompigia simu fundi wa kampuni, alinijibu kwa heshima, "Mzee, mbona kwangu inafunguka?" Nikamwambia inafunguka kwa jirani. Akasema, "Sawa mzee, lakini inafanya kazi."

Wala hakuwa na kisingizio cha gharama. Tangu mwisho wa mwaka 2015 shirika la Let's Encrypt linatoa vyeti bure kwa umma. Na njia ya kivinjari kutaja jina kabla mazungumzo ya siri hayajaanza ipo katika kanuni tangu mwaka 2003. Vifaa vyote vilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa chini na kujiuliza: akija mgeni nisiyemjua, nataka iwe nini?

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya aibu tu, hayana hatari. Basi wasikilize na hili. Mtu akisahau neno lake la siri, tovuti humtumia barua pepe yenye kiungo cha kuweka jipya. Kiungo hicho huanza na jina la tovuti. Je, programu hulijua wapi jina lake yenyewe? Iliyoandikwa vizuri imeandikiwa jina hilo mahali. Iliyoandikwa vibaya, nazo ni nyingi, hulichukua lile jina alilolitaja mgeni mlangoni. Sasa mwizi anakuja kwenye seva yako, anataja jina la tovuti yake yeye, na kuomba neno jipya la siri kwa niaba ya mhasibu wako. Bawabu jina lile halijui. Badala ya kumfukuza, anampeleka chumba cha kwanza. Programu iliyomo humo inaandika kiungo chenye jina la mwizi na kumpelekea mhasibu, kwa barua ya kweli, kutoka ofisi ya kweli. Mhasibu akibonyeza, ufunguo wake umetua mkononi mwa mwizi. Kosa la mwandishi wa programu lipo, silikatai. Lakini bawabu ndiye aliyefungua mlango kwa mtu aliyetaja jina lisilokuwamo.

Dawa yake haina maajabu. Chumba cha kwanza kiwe kitupu. Kiandikwe mbele ya vyote, kisiwe cha mpangaji yeyote, na kazi yake iwe moja, kukataa. Nginx inaruhusu kukata mazungumzo bila kujibu lolote, na tangu mwaka 2020 inaruhusu kukataa hata ile salamu ya siri kabla cheti hakijatolewa. Katika Apache mistari isiyozidi kumi inatosha. Kanuni zenyewe zimekwisha kutupa hata neno la kusema: tangu mwaka 2015 ipo namba 421, ambayo maana yake ni kwamba ombi hili limefika kwenye seva isiyokuwa na mamlaka ya kulijibu. Yaani kwa Kiswahili chetu: huyo hakai hapa.

Sasa nije kwenye alfajiri, maana huko nako kuna chumba cha kwanza, ila ni chumba cha wakati, si cha mahali.

Kabla seva haijafungua mlango, kuna kazi zinazofanyika gizani. Katika mifumo ya ukoo wa Unix, milango ya namba zilizo chini ya 1024 kwa desturi hufunguliwa na mtumiaji mkuu peke yake, yule mwenye uwezo wote juu ya kompyuta. Kwa hiyo Apache huamka ikiwa na mamlaka hayo. Husoma mipangilio, hufungua madaftari ya kumbukumbu, hushika milango, kisha huzaa watoto, na watoto hao huvuliwa mamlaka wakapewa jina la mtumishi dhaifu. Mgeni hukutana na watoto tu. Mzazi hukaa nyuma. Mpango huu ni mzuri sana na aliyeubuni apewe maua yake.

Lakini fundi anaruhusiwa kuingiza kazi zake katika alfajiri hiyo. Huziita hendla za mwanzo: fanya hili madaftari yanapofunguliwa, fanya lile mipangilio ikisha kusomwa, fanya hili jingine kila mtoto anapozaliwa. Waliotumia mod_perl, kazi ya Doug MacEachern ya mwaka 1996, wanayajua haya kama wanavyojua njia ya kwenda kwao. Na sababu ya kufanya kazi alfajiri ni ya haki: ukipakia maktaba za programu kabla ya kuzaa watoto, watoto wote hutumia nakala moja iliyo kwenye kumbukumbu, na kompyuta ndogo hubeba mzigo mkubwa.

Kosa huanza mwenye nyumba anapomruhusu mpangaji kuleta vitu vyake alfajiri. Nimekuta seva ambamo kila mpangaji ana mstari wake wa mwanzo, unaopakia programu zake, unaofungua hifadhidata yake, unaounda mafaili yake. Watu wanadhani kwa kuwa mstari umeandikwa ndani ya chumba cha mpangaji, basi unafanyika ndani ya chumba hicho. La! Saa ile vyumba havijajengwa. Kuna mzazi mmoja, mwenye mamlaka yote, anayetekeleza maneno ya kila mpangaji kwa mkono wake mwenyewe. Mpangaji ambaye mchana haruhusiwi hata kuchungulia chumba cha jirani, alfajiri anashika rungu la mwenye nyumba. Na si lazima awe mwovu. Anaunda faili, faili linakuwa mali ya mtumiaji mkuu, na mchana watoto wake mwenyewe wanashindwa kuliandika. Anafungua hifadhidata, watoto wanazaliwa wote wakishika uzi mmoja, wawili wanaongea kwa pamoja, na majibu yanachanganyika. Jambo hili la uzi mmoja limeandikwa katika maelezo ya mod_perl kwa miaka mingi: fungua hifadhidata mtoto akizaliwa, usifungue kabla. Wasomaji ni wachache.

Lililo baya zaidi ni akili. Katika mod_perl, usipoagiza vingine, wapangaji wote huzaliwa na akili moja ya Perl. Mpangaji wa kwanza akipakia maktaba yenye jina fulani, wa pili akija na maktaba yake ya jina lilelile lakini ya toleo jingine, anaambiwa ipo tayari, na anapewa ile ya mwenzake. Bila kelele, bila onyo. Wawili wameita faili la mipangilio yao kwa jina moja, kama watu wawili wenye mtoto aitwaye Juma, na mmoja anaishi na Juma wa mwenzake, na neno la siri la hifadhidata la mwenzake. Toleo la 2.0, lililotoka mwaka 2005, lilileta njia ya kumpa mpangaji akili yake peke yake. Ni neno moja la kuandika. Nimeona seva nyingi ambamo neno hilo halikuandikwa, kwa sababu bila hilo inafanya kazi.

Halafu kuna kichekesho ambacho wengi hugundua kwa maumivu: Apache inapoamka husoma mipangilio, kisha papo hapo hujianzisha upya na kuisoma tena. Kazi ya alfajiri hufanyika mara mbili. Aliyeandika humo "tuma barua pepe kwamba seva imeamka" hupata barua mbili, na hilo ni dogo. Aliyeandika humo jambo la kuhesabu fedha, Mungu amsaidie.

Nitaambiwa kwamba mod_perl ni ya wazee, kwamba siku hizi watu wamehama. Wamehama, ndiyo, lakini wamehama na mizigo yao. Mwezi Novemba 2019 PHP ilitoa toleo la 7.4, na ndani yake kukawa na njia ya kupakia programu mapema, kabla wageni hawajafika. Alfajiri ileile, kanzu mpya. Safari hii watengenezaji walikuwa wameumwa na nyoka: waliandika kwamba kazi hiyo haitafanyika kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu mpaka mwenye seva ataje kwa jina ni nani wa kuifanya. Yaani programu inakataa kuamka mpaka useme unachokitaka. Nilifurahi sana, maana hilo ndilo ninalolitaka kwa bawabu pia.

Mafundi wana jibu lao la mwisho, nalo hulitoa kwa sauti ya upole: mteja haelewi mambo haya, usimchoshe. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mama mjane haelewi sheria za ardhi, lakini anaelewa vizuri sana ukimwambia kwamba barua zote zisizo na jina katika nyumba hii hupelekwa chumbani kwake, na kwamba jirani yake hushika funguo zote kila alfajiri. Angeuliza maswali. Angedai kufuli. Ndiyo maana haambiwi. Wanaouza vyumba hutangaza "tovuti yako mwenyewe" kwa herufi kubwa, na hakuna mahali wanapoandika, hata kwa herufi ndogo, ni vitu gani vitatumiwa na wote na nani amewekwa mbele.

Kwa hiyo ninawaambia wanaolipa kodi, si mafundi. Apache ina amri ya kuionyesha orodha nzima ya vyumba jinsi bawabu anavyoiona. Huandikwa "apachectl -S" na haichukui hata sekunde tatu. Kwa kila mlango wenye wapangaji wengi, mstari unaotangulia una maneno "default server", na mbele yake jina. Mpigie mwenye nyumba wako. Mwombe aiandike amri hiyo wewe ukiwa kwenye simu, akusomee jina hilo, mara moja kwa mlango wa 80 na mara moja kwa mlango wa 443. Kisha muulize ni jina la nani.